Nipe Mji

Ami Famau alikuwa fundi wa redio Langoni,
na redio zilipomshinda alitufungua sisi.
Mezani pake risasi ya kulehemu, bisibisi tatu,
birika lililokwisha kahawa tangu adhuhuri.
"Kitendawili."
"Tega."

Hakutega vya nyumba isiyo na mlango,
hivyo tulivinyonya na maziwa.
Alitega vya watu:
bwana mmoja kaingia dukani, kaomba maji,
mwenye duka kamtolea panga,
bwana kashukuru, kaenda zake.
Wiki nzima. Shekuwe alisema panga lilikuwa butu.
Bunu alisema yule ni jini, kiu yake si ya maji.
Mimi nikatoa mji, nikampa Ami Witu,
nikalipwa neno moja: kwikwi.
Nikaona haya mpaka masikioni.

Ndiyo ilikuwa bei. Kufikia Shaabani
nilikwisha toa Siyu, Faza,
Kizingitini na kamba wake wote,
na Mombasa nzima, isipokuwa kituo cha basi,
maana binamu yangu alikuwa na kibanda pale.

Usiku mmoja stima ikakatika mtaa mzima.
Ami akawasha mshumaa, akakohoa, akaghani:

    Swichi tatu ziko chini, taa yao juu, moja,
    Hutaiona ngazini, hakuna wa kukungoja,
    Mara moja ghorofani, usiniletee hoja,
    Yenye taa swichi gani? Jibu lake ni kioja.

Bunu akachora swichi sakafuni kwa chaki.
Akafuta, akachora.
"Haiwezekani! Taa ina hali mbili,
kuwaka na kuzima, na swichi ni tatu.
Mbili haimezi tatu."

Dada yangu Mwanaesha alikuwa ngazini na ungo,
akichambua mchele gizani, giza si neno kwake:
surua ilimchukulia macho ana miaka minne.
Vya taa hatukumtegea. Tuliita adabu.
Akasema, mkono haujaacha ungo:

"Washa ya kwanza, ikae hata chai ichemke.
Izime. Washa ya pili. Panda.
Ikiwa inawaka, mtaniambia nyinyi.
Ikiwa haiwaki, nipisheni niishike.
Ya moto ni ya kwanza. Ya baridi, ya tatu."

"Nani kakwambia?"
"Nani aniambie? Kwani taa ni nini
ila kitu cha moto kinachoning'inia,
mnachonikataza kila siku nisikiguse?"

Ami akaweka bisibisi chini.
Kwa wote waliowahi kulijua, jibu lile lilikuwa ujanja.
Kwake halikuwa ujanja.

Nami, wivu umenikaba, nikamrushia
mji wa mwisho niliobaki nao ukiacha wetu:
"Haya, chukua Malindi! Nenda ukakae!"

Akaenda, akakaa.
Kaolewa na mshona magodoro, Shela ya Malindi,
si Shela yetu. Mwaka jana nilimzuru,
nikapanda kiti nimbadilishie taa ya sebuleni,
hizi za siku hizi, nyeupe kama dawa ya meno,
zawaka usiku kucha wala hazichomi.

"Kitendawili cha Ami kimekufa," nikamwambia.
Akanyosha mkono, akaishika kwa vidole viwili
kama mtu anayepima shavu la mtoto wa wageni.
"Kitendawili."
"Tega."
"Swichi tatu, taa moja, haipati moto.
Na wewe umefungwa kitambaa cha macho."

Nilifikiri mpaka adhana ya alasiri.
Yeye anakuna nazi, haulizi, hasaidii.
Nikajipapasa kama mtu aliyesahau nauli,
nitafute mji wa kumpa.

Malindi ni yake.
Lamu siitoi.