Kasoro Nusu

Kwenye mlango wa friji yetu, hapa Miskolc,
chini ya sumaku ya kiwanda cha chuma kilichofungwa,
baba alibandika karatasi, kaandika kwa penseli: 1847.
Miaka tisa, hakuna aliyeigusa.
Ndiyo alama yake ya Elo, ya klabu ya wafanyakazi wa reli,
walipocheza sataranji kila Jumanne
hadi mlinzi akawazimia taa.

Kisha kiharusi kikampooza mkono wa kulia,
klabu ikageuzwa duka la matairi,
lakini namba ile haikuteguka.
Elo ni mfumo wa kizamani:
ukimshinda mkubwa wako unakupa kingi,
ukimshinda mdogo, makombo,
na usipocheza hauna la kusema,
unakuwekea kiti chako hadi kaburini.

Mimi Emőke naishi chini ya mizani nyingine.
Usiku naingia na Zsombor na Bíborka,
watano kwa watano, wawili wetu hatuwajui,
mmoja anatafuna chipsi mdomo juu ya maikrofoni,
na tukifungwa seva inatugawia aibu
kama mchango wa matanga, kila mtu na fungu lake,
hata yule aliyetubeba mgongoni usiku kucha.
Penye wengi pana mengi; nani atapima?
Wamenivisha medali ya dhahabu yenye mabawa
na nyuma yake wameficha namba nyingine.
Medali ni ya kunibembeleza.
Namba ndiyo inayochagua wa kunipiga.

"Una ngapi?" baba huuliza,
maneno yakimtoka upande mmoja wa kinywa.
"Dhahabu ya tatu."
"Nimekuuliza ngapi, sikukuuliza rangi."

Upo na mfumo mwingine, na huo ndio ulioniliza.
Unaandika alama, na pembeni yake unaandika shaka:
elfu mbili na mia moja, ongeza au toa hamsini.
Ukicheza kila siku shaka inakonda.
Ukikaa kando inavimba kama unga uliotiwa hamira.
Asiyekuwepo na lake halipo.
Majira yote ya baridi nilikuwa nikimvisha baba soksi,
nikimfundisha kijiko upya.
Niliporudi Aprili namba yangu ilikuwa palepale,
ila shaka imefika mia mbili na kumi.
Mechi moja tu, nikaporomoka pointi tisini.

Si tisini zilizoniuma.
Mashine ilikuwa imesema kweli:
hata mimi sikujua ni nani aliyerudi.

Nikamsimulia baba. Akaitazama friji kwa muda.
"Huo una akili kuliko wangu," akasema.
"Lete ubao."

Tulicheza jikoni, supu ya maharage ikichemka.
Alisogeza kwa mkono wa kushoto;
farasi akianguka, nilimsimamisha bila neno.
Hoja ya thelathini na nne, malkia wake akabaki uchi.
Nilitaka kujifanya sijaona.
Akanikazia macho.
Nikamla.

Akaomba penseli.
"Wewe huna alama. Nikukadirie elfu moja mia mbili."
Tofauti, mia sita arobaini na saba.
Akagawanya kwa mia nne, akaendelea,
tarakimu zikiyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza,
ulimi nje, jasho kwenye paji,
na supu, tuseme ukweli, ikaungua.
"Nimepoteza pointi ishirini," akasema, "kasoro nusu."
"Nusu tuiweke wapi?"
"Klabu haikuwahi kuandika nusu. Kaa nayo wewe."

Akafuta 1847 kwa kifutio, karatasi nusura itoboke.
Akaandika 1827.
Kisha, jambo ambalo Elo haijui,
akachora pembeni alama ya kujumlisha,
chini yake kistari cha kutoa,
na mbele yake hakuandika kitu.