Mkebe wa Biskuti

Hakili wali, hakinywi chai.
Betri mbili zenye unene wa kidole cha shahada
na uzi wa waya mfupi kuliko kalamu.
Ulimi wake tuliuteremsha kisimani, Kibokoni,
mdomo tukauacha juu, kwenye ukuta wa uani.

Kazi yake ni kuonja chumvi.
Kila robo saa hufumbua jicho,
huonja, hutamka tarakimu tatu,
na kabla hujamaliza kusema hodi
kimeshalala.

Ngala, aliye Ganjoni juu ya ghorofa ya sita
na mlingoti wake na kompyuta yenye kioo kilichopasuka,
aliniambia siku ya kwanza:
"Kulala ni bure. Gharama ni kusema.
Neno moja la redio hula betri
kuliko saa nzima ya usingizi."
Nikacheka, nikatukumbuka sisi,
tangu alasiri mpaka isha twasema,
na betri zetu haziishi.

Miezi saba kilinong'ona.
Bamvua likijaa, tarakimu zilipanda;
maji mafu yakija, zilishuka,
na Bi Mwanatumu akajua siku ya kufua mashuka
na siku ya kumwita mwenye mkokoteni wa maji.
Kuta za matumbawe zilimeza nusu ya sauti.
Nusu iliyobaki ilitutosha.

Kisha Jumanne moja, masika yamekwisha, kimya.
"Chako kimekufa," Ngala akanipigia.
Labda kimelala, nikasema.
"Kulala kwake nakujua. Huu si usingizi."

Nilikwenda na bisibisi na lawama tayari:
za chumvi, za kiwanda, za panya.
Uani, mahali pa kidude,
pana mkebe wa biskuti, bati jekundu,
farasi wa kifunikoni amefifia,
umefungwa kwa kamba ya katani, mara tatu.

"Mwanangu, nalikiona kiliwa ni chumvi,
kishafanya kutu masikioni.
Nikakionea imani. Nikakitilia nyumba."

Nilipima betri. Tupu.
Kwani ndani ya bati hakikunyamaza.
Kilisema, hakikujibiwa;
kikasema tena, kwa nguvu zaidi;
kikapandisha sauti hadi mwisho wa koo,
kikasahau kulala.
Miaka mitatu niliyokihesabia
kiliimaliza kwa siku kumi na moja
kikipiga kelele ndani ya huruma.

Kimya kingi kina mshindo, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba mshindo wenyewe
waweza kuwa umeshapigwa, wote,
na bati likaumeza.

Sikumwambia hayo. Nilisema tu
nyumba ya bati ina joto.
Akaenda jikoni, akarudi na kopo la plastiki
linukalo achari ya ndimu.
Nikatoboa tundu la uzi, nikaziba kwa gundi,
nikatia betri mpya. Taa ya kijani
ikapepesa mara moja, kama mtu aliyeulizwa jina.

Simu ikalia. Ngala, bila salamu:
"Mia nane na arubaini."

"Kimesema nini?" Bi Mwanatumu akauliza.
Chumvi, nikamwambia.
"Na sasa?"
Sasa kimelala.

Akashusha sauti,
na hakuipandisha tena
mpaka nilipomaliza chai.