Ramani Iliyoliwa na Mchwa

Mchwa wa Mvumi wamekula Galilaya.
Wamekula Yordani yote, na Yeriko,
wakatuachia kusini tu, kipande kama cha leso:
Hebroni, Beer-sheba,
na pembe ya Bahari ya Chumvi.

Mwalimu Chidawali akaikung'uta dirishani.
Basi, akasema, leo tunasoma kilichobaki.
Nyanda kavu. Mvua haba, msimu mmoja.
Mbuzi, mawe, upepo.

"Kama Bahi," akasema Nyemo wa dawati la nyuma,
ambaye mama yake huchemsha chumvi kule mbugani.

Akaja kwenye visima.
Vya Ibrahimu vilikuwa vimefukiwa kwa udongo.
Isaka akachimba; wenyeji wakaja, maji ni yetu.
Akakiita Ugomvi, akahama.
Akachimba tena. Hicho akakiita Uadui.
Cha tatu hakikudaiwa na mtu,
akakiita Nafasi.

Darasa kimya.
Kile cha kwanza sote tunakijua:
kiko korongoni, chini ya zahanati,
baba yake Mahinyila alipovunjwa mkono
mwaka ule wa njaa.

"Na wale wenyeji," akauliza Nyemo,
"Isaka alipohama, wao walikunywa?"

Mwalimu akalitazama tundu la mchwa,
akalitazama sana, kana kwamba jibu
lilikuwa limeandikwa hapo hapo, likaliwa.

Jioni nilishuka korongoni na dumu.
Nikachimba kwa bakuli hadi mchanga ukawa mweusi,
nikakaa pembeni,
nikingoja maji yajikusanye,
nikitafuta jina.