Jicho Lipi

Tumemaliza hitima, masinia yamerudi kwa wenyewe,
na sasa sisi wajukuu wa Mwanatumu binti Shekuwe
tunagombana kuhusu jicho.

Kwamba moja lilikuwa rangi ya tende, hatubishani.
Kwamba la pili lilikuwa kijivu, kijivu cha ndani ya ganda la chaza,
hilo nalo limepita.
Ila lipi lilikuwa wapi?

Zubeda anaapa: la kijivu ni la kushoto.
Alikaa kushoto kwake miaka kumi na miwili
akimtungia uzi kwenye sindano,
na kila akiinua kichwa, lilikuwa linamngoja.
Famau anasema, Wee! La kulia.
Jicho lililonikuta na sukari mdomoni
nitalisahau vipi?

Mimi nilikuwa nakaa nyuma yake.
Asubuhi, akijipaka wanja,
nilimtazama kwenye kioo kile chenye ufa,
kwa hivyo ushahidi wangu umepinduka,
na nikiupindua tena
sijui kama nimeurudisha au nimeuharibu.

Tukaleta kadi ya hospitali. Daktari, kwa mwandiko wa haraka:
Macho: kawaida.
Famau akacheka mpaka akakohoa.

Tukaleta picha, ile ya studio ya Langoni, kabla hatujazaliwa.
Nyeusi na nyeupe. Macho yote mawili kijivu.
Hata meno kijivu, hata kipini cha dhahabu.

Mtaani walisema mamake, mimba ya miezi minne,
alimkanyaga paka mkia pale soko la samaki,
paka akageuka akamtazama.
Walisema mengi. Muuza mapapai wa Mkomani
alikuwa akimwona tu anafunika kapu kwa gunia,
naye bibi akisimama makusudi, akilifunua,
akichagua moja moja, akibonyeza:
"Wenye kijicho ni nyinyi. Mimi nina macho."

Na kwenye vichochoro vyetu, ambako ukuta hugusana bega na ukuta,
ambako mume aweza kumpisha mkewe ndani ya nikabu
asimtambue, akamwambia "Samahani, mama,"
yeye peke yake hakuwahi kupita bila kutajwa.
Watoto, wachukuzi, hata yule wa deni:
"Shikamoo, Bi Mwanatumu!"
Kitambaa chote kile, na bado jina liko nje.

Niliwahi kumuuliza kama ilimuudhi.
Akasema alipokuwa msichana
kulikuwa na mahali alitaka kwenda,
mara moja tu, bila mtu kujua.
Akakata uzi kwa meno.
Hakuniambia ni wapi.

Wanja alipaka jicho moja. Hilo tunakubaliana sote.
La tende, alisema, lilizaliwa na wanja wake;
la kijivu ndilo maskini, lataka kusitiriwa.

Basi Zubeda akakumbuka mto.
Tukautoa chumbani, foronya haijafuliwa,
nani angeifua?
Alilala kwa ubavu wa kulia, kama alivyofundishwa chuoni,
na doa lipo, jeusi, dogo kama mbegu ya papai.

"Kulia!" Famau akaruka.

Subiri, akasema Zubeda, ambaye siku hizi
ana sababu zake za kujua mambo haya:
wanja haushuki wenyewe, hushuka na machozi,
na ukilala ubavu, chozi la jicho la juu
hupanda daraja la pua, huvuka,
hudondokea upande wa chini.

Huko nje mtu alikuwa anamkemea punda.
Famau akaushika mto kwa mikono miwili,
hakujua auweke wapi.
"Alikuwa akilia lini?" akauliza.

Hilo nalo.

Zubeda akaivua foronya, akaikunja mara nne,
doa likabaki ndani.