Safu ya Nne Iko Tupu

Nilipanga chumba Ligula, kwa mama mchemsha ming'oko,
nikafungua jedwali: jina, umri, makazi,
na safu ya nne, KIONGOZI,
kwa herufi kubwa, kama alivyoagiza msimamizi.

Kundi lina watu mia tatu na kumi na wawili.
Kilichowakutanisha simuni ni mchezo wa redio
uliokatikia sehemu ya arobaini,
Chausiku ameshaingia Ruvuma,
maji yako gotini,
mtangazaji akasema: wiki ijayo.
Wiki ijayo ikaja na tangazo la salfa ya mikorosho.
Mtunzi alishahama.

Basi wakaendelea wenyewe.
Wa Tandahimba wanasema alivuka, ng'ambo ana ndugu.
Wa Nachingwea wanasema alirudi,
maana ufunguo wa nyumba ulibaki kiunoni mwake.
Na mmoja wa Kitangari, anayeandika alfajiri tu,
anamwacha palepale, maji gotini,
kila siku anamwongezea samaki mmoja.

Nikauliza: nani anaamua?
Somoe Nalinga wa Mingoyo akajibu: aamue nini?
Nikauliza: nani alianzisha?
Wakanitajia namba isiyopatikana.
Mwenyewe alibadili laini, akatoka bila kuaga,
na mtambo, haukumuuliza mtu,
ukamkabidhi funguo Abilahi Mchopa,
mpima mizani wa ghala la korosho.

Nikamfuata Masasi, vumbi mpaka kwenye kope.
Nikamkuta juu ya magunia, kalamu sikioni.
"Mimi?" akasema. "Mimi niliingia kusikiliza."
Akanionyesha simu. Kweli,
miaka mitatu hajaandika hata salamu.

Dokta Likungu akaniandikia:
*Hakuna mwili usio na kichwa. Tafuta vizuri.*
Nikatafuta. Nikahesabu anayejibiwa upesi,
anayeongea wenzake wakanyamaza.
Nikachora mistari, jina hadi jina,
mpaka karatasi ikawa mkeka
uliosukwa na watu waliogombana.

Kisha wa Kitangari akafiwa na mama.
Hakuna aliyeitisha mchango.
Saa nne asubuhi mtu katuma elfu mbili,
kabla ya saa tano mwingine, na mwingine,
na gunia la makopa likapanda lori la chumvi
bila jina la aliyelipakia.
Nikaandika: elfu themanini na sita na mia tano.
(Ile mia tano ilitoka kwa nani,
sijajua mpaka leo, na ndiyo inayoninyima usingizi.)
Nikaandika: gunia, moja.
Safu ya nne nikairuka.

Mwezi wa tano nikatuma dodoso la mwisho:
*Kwa maoni yako, nani anaongoza kundi hili?*
Yakarudi majibu mia na arobaini na moja.
Tisini na tatu yana jina langu.

"Anayeuliza njia kila siku," kaandika Somoe,
"si ndiye anayejua tunakokwenda?"
Na Mchopa, neno lake la kwanza tangu aingie:
"Mtafiti. Nani mwingine alinifuata ghalani?"

Nikakaa na makaratasi yale mapajani.
Mama mwenye nyumba akaniletea sahani, moshi bado unatoka.
"Umekipata ulichokuwa unakitafuta?"
"Nimekileta mwenyewe, mama. Kwenye begi."
Hakuelewa, au alielewa.
"Menya," akasema, "zikipoa zinakuwa ngumu."

Dokta anataka jedwali Ijumaa.
Nina maneno ya kumweleza, nimeyapanga,
yana tanbihi na marejeo.
Lakini usiku ule, huku nikijua ni kosa,
kwamba mpimaji hapandi mizani yake,
niliandika kundini sentensi moja:
*Chausiku akainua mguu wa kulia.*
Sikusema aliuweka wapi.

Tandahimba wakaamka na ugomvi.
Nachingwea wakaniita muongo, mara mbili.
Hakuna aliyeniita kiongozi.
Na kabla jua halijatoka,
Kitangari, matanga hayajaisha,
akaongeza samaki.