Lango la Bi Raya

Disemba ile, Sinau, tulipanda paa la gereji
mimi na kaka yangu Mundhir,
miwani ya karatasi puani, thermosi ya kahawa kati yetu.
Jua lilichomoza limeng'atwa ukingoni,
likaliwa, likaliwa, likawa pete.
"Na lile taji uliloniahidi?"
Kwa Kiswahili, lugha yetu ya jikoni.
Nikamwambia: si leo.
Uzi mmoja wa uso wa jua ukisalia
watosha kulifuta.

Akashuka. Lango la Bi Raya lilikuwa linamngoja.
Akawasha grainda, cheche zikamvamia mkono mtupu,
wala hakushtuka.
"Hizo zina digrii elfu na ziada," nikasema.
"Mbona haziniunguzi?"
"Ni kali, lakini hazina wingi."

Taji ndivyo lilivyo.
Uso wa jua, elfu tano na mia tano.
Juu yake, ukilipa jiko mgongo,
pale ambapo ungetaraji kupoa:
milioni moja. Milioni mbili.
Na wembamba wake!
Chembe za hewa zilizomo kwenye finjani hii tupu,
zikitandazwa kwa uchache wa huko,
zingelijaza soko zima la Sinau,
mbuzi, ngamia na madalali wao,
hadi ncha ya mnara.

"Nani kapeleka kipimajoto?"
Hakuna. Chuma ndicho kilichosema.
Chuma hiki hiki cha lango,
huko kimenyang'anywa elektroni kumi na tatu
kati ya ishirini na sita,
na kwa uchi wake kinang'aa kijani.
Akazima mashine.
"Kumi na tatu! Mnyang'anyi nani?"
Nikasema, bado tunabishana.

Kufika Julai jina la Kilatini la taji
lilikuwa kinywani mwa kila mtu,
na wodini Ibra hewa ikawa nyembamba
kifuani mwa Mundhir.

Darasani nasema taji. Taji tu.
Wanafunzi wanadhani ni madaha.

Lango bado lipo, ubavu mmoja haukupata rangi.
Jana, adhuhuri, nililiwekea kiganja:
chuma chenye elektroni zake zote,
digrii sitini, hazizidi.
Likaniunguza.