Jeneza la Shati

Tulizika shati.
La samawati, la Jumapili, lenye kifungo kimoja cheusi
nilichokishona mimi baada ya kile chake kupotea.
Sanduku lilikuwa jepesi, na wale vijana sita wa Katuba
walitembea wakijifanya wameelemewa,
wakatoa jasho la heshima.
Nilimwona mmoja akibadilisha bega pasipo sababu.
Mungu amlipe kwa uongo ule.

Katekista Kishimba akafungua kitabu.
Akasema parapanda italia, makaburi yatawaachilia watu wake,
bahari nayo itarudisha iliowameza.
Hakutaja mashimo.
Nikasubiri, labda yapo ukurasa wa pili.
Akafunga kitabu, akapangusa miwani.

Mulunda yuko mita arobaini chini ya kiwanja cha wenyewe,
na taa kichwani iliyokwisha betri,
na magunia ya malakiti aliyonihesabia kwa simu:
"Dada, matatu! Mwezi huu tunaezeka."
Kesho yake walikuja watu wa kampuni na tingatinga,
wakasawazisha udongo, wakaandika namba juu ya bati.
Kumi na saba.
Hilo ndilo jina lake kwa upande ule.

Basi nauliza, na siulizi kwa kiburi:
malaika atapiga hodi wapi?
Kwenye shati, tulikoweka msalaba na jina kamili
na mwaka wa ubatizo,
au kwenye kumi na saba,
ambako nyasi tu ndizo zinazopiga magoti?

Na majirani nao. Bombani, ndoo zikijaa, nilisikia:
"Alikufa akiiba. Usiku, katika mali ya mtu.
Wa namna hiyo akifufuka, anafufukia moto."
Nikaondoka na ndoo yangu nusu.

Mama alikuwa anasonga bukari.
Hakugeuka. Mwiko ukaendelea kuzunguka.
"Yule wa kwanza kuahidiwa pepo," akasema,
"kazi yake ilikuwa nini?"
Mwizi, nikasema.
"Na kaburi lake liko wapi?"

Nikanyamaza.
Bwana alipata pango la tajiri, sanda safi, jiwe la mlangoni,
wanawake wa kumjia alfajiri na manukato.
Yule wa pembeni alivunjwa miguu, na habari zake zikaishia hapo.
Hakuna aliyemjia na kitu.
Alikuwa na neno moja tu, aliloahidiwa mchana,
na jioni ileile likamtosha.
"Basi," Mama akasema, "kula. Bukari inapoa."

Usiku nikamsikia akilia ndani ya mto.
Imani yake ina sauti hiyo pia.

Novemba, mvua ya kwanza ikapiga.
Vumbi jekundu likatulia, na katika ufa kando ya choo
kumbikumbi wakaanza kutoka,
mmoja, kumi, kisha wasiohesabika,
wana mabawa ambayo kule chini hayakuwa na kazi.
Nani aliwaambia saa? Kule hakuna dirisha.
Watoto wakaweka beseni la maji chini ya taa.
Sisemi ilikuwa ishara. Tuliwakaanga kwa chumvi, tukala.
Nasema tu kwamba niliona ardhi ikifunguka
bila tingatinga.

Asubuhi, nikifagia mabawa uvunguni mwa kitanda chake,
ufagio ukagonga kitu kidogo, kigumu.
Kifungo. Cha samawati.

Nimekifunga kwenye ncha ya kitenge
pamoja na sindano iliyokwisha kutiwa uzi.
Najua siku ile hatakuja uchi,
najua atapewa vazi lisilochakaa.
Lakini namfahamu mdogo wangu.
Ataliulizia shati lake.